Jani Halisemi

Namulonge, saa nane ya usiku.
Kompyuta ya mradi inahesabu majani.
Yamebaki elfu moja mia nne na sita,
kila moja Ssemwanga amelipiga picha
juu ya karatasi nyeupe, pembeni rula
na kidole gumba chake, ambacho programu yangu
mara tatu imekiita ugonjwa.

Simu nimeilaza kifudifudi.
Konde nako wanahesabu.
Kaka yangu Faki anagombea udiwani,
na mjomba Makame, aliyemfunza kuogelea,
anagombea udiwani uo huo kwa chama kingine.
Mama kapika chungu kimoja tu,
nusu kapeleka kwa huyu, nusu kwa yule,
mwenyewe kalala na ukoko.

Mie nipo hapa na michirizi ya kahawia.
Maradhi ya adabu, haya. Jani linabaki kijani,
shina limesimama, mwenye shamba anapita akilisifu,
hata siku ya kuchimba kisu kipasue muhogo
na ndani mna kutu, kama bati la choo.
Basi naifunza mashine kutazama jani
ibashiri kilicho chini ya udongo.
Dokta Kyomugisha anataka jedwali Ijumaa.
"Mize, ikifika tisini kwa mia, tutaandika."
Imekwama themanini na moja
tangu mvua za mwezi uliopita.

Mjomba hata akigombana hugombana kwa vina.
Saa tano alinitumia haya:

    Mpwangu uliko mbali, ya nyumbani usiwaze,
    mama'ko kapika wali, kagawa tusijikweze,
    Faki ni mwana wa pili, wa kwangu, simpuuze,
    akishinda ni halali, nikishinda anyamaze.

Nilicheka peke yangu, nikamjibu.
Tiki moja.
Nikamwandikia Faki. Tiki moja.
Nikamwandikia wifi yangu, ambaye hajawahi kuzima simu
hata akiwa leba.
Tiki moja.

Okware wa lango kaja na birika.
Kiswahili chake kimezaliwa kambini:
"Wewe nalala saa ngapi, mwalimu?"
Miezi ya kwanza kilinikwaruza masikio.
Siku hizi nakingoja kama dawa ya saa nane,
maana mchana kutwa hapa ni Kiganda na Kizungu,
na ulimi wangu unakaa kinywani kama mgeni
asiyejua avue viatu au asivue.
"Ndugu yako nashinda?"
"Sijui, Okware. Mtandao wa kwetu umezimwa."
Akamimina chai, asiseme neno.
Kisha, akishatoka, mlangoni:
"Kama nazima, basi iko kitu nahesabu vibaya."

Umeme ukakatika.
Kile kisanduku cha akiba kikaanza kulia, ti, ti, ti,
dakika kumi na moja, kumi,
majani mia tisa bado hayajaonwa,
na simu yangu ina asilimia mbili.
Waya ni mmoja.
Mtafiti mwenye akili angehifadhi kazi, azime, alale.
Nikachomeka simu.
Kompyuta ikaninyonyeshea mtoto huyo hadi ikafa,
na jedwali la Dokta likaenda nayo.

Gizani ndipo ujumbe ukaingia, mmoja tu,
wa mama, wa saa kumi na mbili jioni,
sijui ulikuwa umejificha wapi siku nzima.
Hakuna kura humo. Hakuna Faki, hakuna mjomba.
Ni picha ya jani, limeshikwa na vidole vyenye unga,
na sauti yake, nyuma yake watu wanapiga kelele
ambazo siwezi kujua ni za furaha au za nini:
"Mize, weye si ndiyo kazi yako hii?
Huu wa nyuma ya jiko. Niung'oe?"

Nikalikuza jani mpaka likajaa kioo.
Kijani. Safi. Mishipa imenyooka.
Nikalitazama jinsi ninavyoiambia mashine itazame,
kisha nikalitazama kama mtoto wa mama.

Nikaandika: Ng'oa mmoja tu, mama.
Ukate katikati. Uniambie.

Tiki moja.